Mtoto akifumba macho asione kitu, mwacheni afumbue

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako. Mimi ni mchora hina hapa Wete, huu mwaka wa 19. Wiki iliyopita mtoto wa dada yangu, wa darasa la tatu, alirudi skuli analia. Waliambiwa wafumbe macho waione bahari, kisha waichore. Akasema haoni kitu, kiza tu. Akaambiwa hana ubunifu, afanye hesabu.

Mhariri, hata mimi sioni. Sura ya marehemu mama haiji nikifumba macho, na mama mwenyewe namjua hadi alivyokuwa akifunga kanga. Miaka yote nilidhani watu wakisema "kama namwona" ni msemo tu. Kumbe wengi wanaona kweli! Wataalamu wanasema mtu akivuta picha akilini, hata ile sehemu ya ubongo ya kuonea, iliyo kisogoni, huamka. Kwa baadhi yetu picha haiji. Mwingereza Francis Galton aliandika habari hii tangu 1880, baada ya kuwauliza watu kama wanaiona akilini meza yao ya chai ya asubuhi. Mwaka 2015 Adam Zeman na wenzake wakaipa jina: afantasia. Ed Catmull, mmoja wa waanzilishi wa Pixar, watengeneza katuni wa Marekani, naye yumo.

Sasa nieleze ninavyochora. Biharusi ananyoosha mkono, mimi kichwani sina ua hata moja. Naweka nukta ya piko chini ya kidole cha shahada. Nukta inataka mkunjo, mkunjo unataka jani, na jani likifika kwenye kiwiko cha mkono limeshakuwa korosho. Pakizidi uwazi, jicho linaona, mkono unaziba. Kuwaza nawaza, tena sana, lakini nawazia pale pale juu ya ngozi ya mwenzangu.

Walimu wangu, nawaomba kwa heshima: mtoto wa namna hii msimwambie hana ubunifu. Mpeni kitu akitazame, mpeni kalamu, muacheni mkono wake utafute.

Jumamosi nilimchukua huyu wetu bandarini. Alikaa juu ya gunia saa nzima, hakutaka hata juisi. Alichora mashua nne, na kamba ya nanga ya moja ameichora inavyolegea ikiingia majini, kitu ambacho mimi sikukiona mpaka alipokichora. Jumatatu nampeleka skuli na daftari hilo.

Mchora hina,
Wete, Pemba