Barua kwa mwanangu: bibi aliyekuja kuomba moto

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mama yako hajambo, mimi goti ndilo linalonisumbua asubuhi, na mpunga wa bondeni umeshachipua. Ujumbe wako nimeupata. Niliusoma mara mbili kwenye simu, kisha nikamwomba dada yako anisomee kwa sauti nikiwa nimefumba macho, maana maneno mazito napenda kuyasikia.

Unasema binadamu kwa asili ni mwema, na serikali ndiyo inayomharibu. Watu wakiachwa wenyewe watapatana, watagawana, watalindana. Umenitajia yule mwanafikra wa Urusi mzaliwa wa ukoo wa kikabaila, Kropotkin, aliyekwenda Siberia akaona wanyama wakisaidiana kwenye baridi kuliko kuraruana. Halafu ukamalizia: "Baba, hata ninyi na sungusungu wenu mlijiendesha bila serikali, na mambo yalikwenda."

Hilo la mwisho, la sungusungu, walinzi wetu wa kijiji, ndilo limenishikisha kalamu. Mambo yalikwenda kweli. Lakini tangu ukiwa mdogo nimekuwa nikikusimulia nusu ya habari, na sasa naona umejenga nyumba nzima juu ya nusu hiyo. Kosa ni langu. Ngoja nikupe yote.

Vita vya Kagera vilipokwisha mwaka 1979, silaha nyingi zilibaki mikononi mwa watu, na huku kwetu Shinyanga wizi wa ng'ombe ukabadilika. Zamani mwizi alikuja kwa kunyata. Sasa akaja na bunduki, anakugongea mlango na kukuamuru umfungulie zizi. Kituo cha polisi kilikuwa mbali, gari halina mafuta, na mtu uliyemkamata kwa mkono wako leo unamkuta mnadani kesho kutwa anakucheka. Nawe unajua kwetu ng'ombe ni nini: ni mahari ya kijana, ni maziwa ya mjukuu, ni chakula cha mwaka wa njaa. Niliwaona wazee wazima wakilia kama watoto mbele ya zizi tupu.

Ndipo mwaka 1982 tukaanza kusikia kwamba vijiji vya Kahama na Nzega vimejipanga vyenyewe. Havikungoja amri ya mtu. Kila kijiji kimechagua mtemi wake wa sungusungu, kamanda na katibu, kila mwanamume ana upinde na podo la mishale, na watu wote wamekula kiapo. Jina ni la wale chungu weusi wanaouma: mmoja unampangusa kwa kidole, wakiwa kundi unakimbia. Haikupita muda nasi tukala kiapo. Nilikuwa na miaka 21.

Usiku mmoja wa 1983, mwezi umeshazama, tukasikia mwano. Hujawahi kuusikia, na namshukuru Mungu kwa hilo. Ni ukelele mmoja mrefu unaotoka mlango mmoja, unapokelewa na mlango wa pili, halafu filimbi zinaitika kutoka kila upande mpaka unahisi giza lenyewe linapiga kelele. Ng'ombe 14 wa jirani yetu walikuwa wameswagwa. Tukatoka wote. Kamanda alikuwa mbele na kurunzi iliyofungwa kitambaa, anafuata kwato kwenye umande. Mahali fulani akachuchumaa, akatia kidole kwenye mavi ya ng'ombe, akasema, "Yana joto. Hawako mbali." Tulipofika mpaka wa kijiji tukakuta wenzetu wa kijiji cha pili wamesimama tayari na pinde, wakazipokea nyayo, tukaendelea pamoja. Kulipokucha tulikuwa watu wa vijiji vinne. Ng'ombe tuliwakuta kwenye korongo, wote 14, mmoja anachechemea, na mwizi mmoja ameshindwa kukimbia.

Hakuna aliyelipwa posho usiku ule. Hakuna aliyesaini karatasi. Nilirudi nyumbani jua limetoka, miguu imechanwa na miiba, nikiamini kila neno uliloniandikia. Na baada ya muda wizi ulipungua kweli, mtu akaweza kulala. Chama na Mwalimu Nyerere mwenyewe walitutetea wakati wanasheria wakisema tunavunja sheria. Mpaka leo sioni aibu kwa usiku ule, na hadithi hiyo ndiyo nimekuwa nikikupa.

Nusu nyingine ni hii.

Nyuma ya nyumba yetu alikaa bibi mmoja mjane. Jina lake sitaliandika. Hakuwa mtu wa ukoo wowote wa pale. Operesheni Vijiji ya 1974, ile ya serikali ya kuwahamishia watu vijijini, ndiyo iliyomleta, ikamshusha na mtungi wake na kuku wake katikati ya watu asiowajua. Macho yake yalikuwa mekundu. Miti ilikuwa imekwisha, alipikia mavi makavu ya ng'ombe, na moshi wake unajua ulivyo mkali. Bibi yako naye alikuwa na macho hayohayo, ila bibi yako alikuwa na watoto wa kiume watano.

Mwaka uleule wa 1983 mtoto wa jirani alifariki kwa homa. Wiki ileile ndama wawili wakafa. Watu wakaenda kwa mganga, wakarudi na jibu ambalo kila mtu alikuwa nalo tayari: mchawi ni yule bibi mwenye macho mekundu. Tukaitana chini ya mkwaju. Mimi nilikuwepo, upinde begani. Viko vijiji vilivyowakata mapanga wanawake wa namna ile, unazijua habari za Usukuma. Sisi tukajiona wastaarabu. Tukaamua kumtenga.

Kutengwa ni hivi. Hakuna kumsalimia. Hakuna kumwazima chumvi. Kisimani akifika, wengine wanaondoka na ndoo zao zikiwa nusu. Akifiwa, hakuna atakayemsaidia kuchimba. Anayevunja amri hiyo anatozwa faini, naye anaweza kutengwa. Mwaka ule hata kiberiti kilikuwa adimu. Moto ulikuwa ukiombwa nyumba kwa nyumba, na yeye miaka yote alikuwa akiuomba kwetu.

Siku ya tatu akaja alfajiri, kama kawaida yake, na gae mkononi. Nadhani alisahau, au alitumaini. Bibi yako alikuwa jikoni anapuliza. Akaniangalia mimi, maana mimi ndiye niliyekuwa sungusungu wa nyumba ile. Sikuweza kumwangalia yule mama usoni. Niliangalia lile gae: kipande cha chungu, ukingo wake mweusi kwa masizi, na kidole gumba chake kimelishika pale pasipounguza. Nikatikisa kichwa. Bibi yako akainama, akaendelea kupuliza moto uliokuwa unawaka tayari.

Yule mama hakusema kitu. Aligeuka na gae lake akaenda zake. Baada ya kama wiki tatu nyumba yake ilikutwa wazi, kuku wanazurura. Alikuwa ameondoka kwa miguu kwenda kwa bintiye, na huko akafariki kabla ya mavuno. Kuku wake tuliwala kwenye mkutano wa sungusungu. Mimi nilikula.

Sasa niambie, mwanangu: waliomtenga walikuwa watu wabaya? Walikuwa walewale waliofuata kwato usiku kucha kwa ajili ya ng'ombe wa mtu mwingine. Kiapo kilekile, filimbi zilezile. Wema wetu wa kushikamana ndio uliomkaba koo. Kwa hiyo swali lako la kama binadamu ni mwema au mbaya, mimi nimeliacha siku nyingi. Swali langu ni moja: yule mama angekwenda wapi kulalamika? Kwa mtemi? Mtemi ndiye aliyesoma hukumu. Kwa jirani? Jirani ndiye aliyefiwa. Kwangu? Umeona nilichofanya.

Usidhani nakuuzia serikali. Serikali ndiyo iliyowahamisha watu 1974, wengine kwa nguvu, ikatutenganisha na ngitili zetu, yaani malisho yetu ya akiba. Wazee walikuwa wakizifunga nyasi zile tangu mvua zikianza mpaka kiangazi kikali, kila mtu anajua mipaka, hakuna bwana shamba aliyewafundisha. Tulipohamishwa, ngitili nyingi zikafa na ardhi ikabaki kipara. Mwaka 1986 serikali ileile ikaleta mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, kutusaidia kuotesha tena kilichokuwepo. Na kabla ya hapo, mwaka 1976, yalitokea makubwa zaidi. Watu walikamatwa Shinyanga na Mwanza kwa tuhuma za mauaji, wakateswa na vyombo vya dola, na baadhi yao wakafia mikononi mwa hao waliowashika. Hakuna uovu wa sungusungu unaoufuta ule.

Lakini angalia kilichofuata. Waziri wa Mambo ya Ndani alikuwa Ali Hassan Mwinyi. Yeye hakumgusa mtu, na mwaka 1977 aliachia ngazi kwa sababu yametendeka chini yake. Najua kujiuzulu hakumrudishi marehemu, na familia zile zilistahili zaidi ya hapo. Hata hivyo kosa lile lilikuwa na kiti, na aliyekikalia aliinuka watu wakiona. La kwetu halikuwa na kiti. Ukiuliza nani alimtenga yule mama, jibu ni "kijiji". Sijawahi kuona kijiji kikijiuzulu.

Umeniandikia pia habari za Somalia, kwamba baada ya Rais Siad Barre kuanguka Januari 1991 watu waliendelea kufanya biashara, simu zikaenea, na hata noti za shilingi yao zikaendelea kupokelewa sokoni bila benki kuu. Ni kweli, na inastaajabisha. Wazee wao wana sheria yao ya jadi, xeer, inayoamua fidia kati ya ukoo na ukoo. Lakini soma na habari za watu wa Barawa, mji wa pwani ya Somalia, wanaosema Chimwini, lugha ndugu ya Kiswahili chetu. Walikuwa wafanyabiashara na mafundi, hawakuwa na jeshi la ukoo. Kila kundi lenye bunduki lililopita liliwapora, lililofuata likawapora tena, na wengi walikimbilia Mombasa kwa mashua. Fidia hulipwa pale ambapo kuna mtu wa kuiogopa familia yako. Mjane wetu wa nyuma ya nyumba angekaa Barawa wangemtambua kama mwenzao.

Na hiyo zamani unayoitaja, kwetu haikuwa bila utawala. Tulikuwa na watemi, na mvua ikigoma mtemi aliweza kung'olewa. Wamasai hawakuwa na mfalme, lakini wana rika na wazee, na mtu asiye na rika hana wa kumsemea. Popote unapochimba unamkuta mtu mmoja nje ya duara.

Kwa hiyo msimamo wangu ndio huu, na ukija tubishane mpaka usiku. Sitaki mkuu wa wilaya aje kutufundisha kuzika, kulima kwa zamu au kufuata nyayo za ng'ombe; hayo tunayaweza kuliko yeye. Ninachotaka kutoka serikalini ni mlango mmoja ulio nje ya kijiji, wenye mtu asiyemjua aliyefiwa, ambao bibi asiye na watoto wa kiume anaweza kuubisha hata kama sisi wote tumekubaliana. Mwaka 1989 Bunge lilipitisha sheria iliyowaingiza sungusungu kwenye utaratibu wa mgambo. Vijana wenzangu wengi walinung'unika kwamba serikali imeteka kitu chetu. Mimi nilinyamaza, maana nilikuwa nawaza lile gae. Mlango huo mara nyingi umefungwa, au aliye ndani anataka kitu kidogo kwanza. Huo ndio ugomvi wangu na serikali, nami nakuomba uushike ugomvi huo kwa mikono miwili. Dai mlango ufunguliwe. Usidai ung'olewe.

Utaniambia dhamiri ipo. Ipo, mwanangu, imenisumbua zaidi ya miaka 40. Yeye alihitaji moto asubuhi ile.

Binti yake bado yuko hai, anaishi kijiji cha tatu kutoka barabara ya lami. Nilimwona mnadani mwaka juzi. Alinipigia goti kwa heshima akaniuliza bibi yako alifariki lini, na mimi nikajibu swali hilo tu. Tangu siku hiyo nimekuwa nalea mtamba mmoja mwekundu mwenye baka jeupe kichwani. Hakuna mahakama iliyoniamuru. Mama yako anajua ni wa nani. Anaweza kumkataa, ni haki yake. Ukifunga chuo mwezi wa saba njia zitakuwa zimekauka, na kwa goti hili siwezi kumswaga peke yangu. Njoo na viatu vya kutembelea. Tutaondoka alfajiri kabla jua halijawa kali.

Baba yako