Fegi ya asubuhi

Mikindani, Mtwara
Jumapili jioni

Shoga yangu mpendwa,

Salamu nyingi, na unisalimie mama. Sisi hatujambo. Mabibo yameanza kudondoka, mtaa mzima unanukia.

Nina jambo limenikaa moyoni. Unakikumbuka kile kibanda nyuma ya shule, chenye kiberiti cha gesi kilichofungwa kamba kwenye nondo za dirisha? Alhamisi nilipita pale saa moja kasoro, nikamkuta mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu, kavaa sare. Katoa sarafu, kapewa fegi moja, kawasha palepale. Alipomaliza akachuma majani ya mpera akatafuna, kuua harufu. Nikamwita. Hakukimbia. Akaniambia, "Mwalimu, nisipovuta asubuhi, hata ubaoni sioni kitu."

Shoga, niliishiwa nguvu. Anayejaribu mara moja na wenzake utamkanya akasikia. Huyu wa kila siku nikotini imeshamshika, na muhula huu tumemchapa mara mbili kana kwamba ni utundu tu. Hilo linaniuma mpaka sasa.

Lakini sikati tamaa. Marekani, mwaka 1997, karibu robo ya wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari walivuta kila siku. Kufikia 2019 hawakufika 3 katika kila 100. Watoto wa kule si malaika. Kodi ilipanda, pakiti ikawashinda bei, na tangu 1998 makampuni makubwa ya sigara yakabanwa yasiwalenge watoto kwenye matangazo. (Sigara za umeme zimewaletea balaa jingine, hilo tutaongea tukionana.) Sisi sheria tunayo tangu 2003, haruhusiwi kuuziwa aliye chini ya miaka 18. Ila huku kwetu pakiti ya nini? Anauziwa moja moja, kwa nauli yake ya daladala, kisha anakuja shule kwa miguu.

Mwenye kibanda ni mama mtu mzima, ananiita mwanangu. Kesho nataka kwenda kwake, si kwa ugomvi. Wewe uliwahi kuongea na muuzaji wa pale kwenu Lindi mpaka akaacha kuwauzia wanafunzi. Ulianzaje? Nipigie leo usiku, hata ukichelewa. Simu nitailaza karibu.

Shoga yako