Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Nani Atashika Zamu Yangu?

Ndugu wauguzi wanachama,

Hesabu mmeshazipata kwa mweka hazina. Ada zimelipwa, kwa kuchelewa kama kawaida yetu. Mimi nina jambo moja, lililojaza simu yangu mwaka mzima: wenzetu wanaoingia kazini huku wanaumwa.

Nianze na nafsi yangu. Usiku mmoja nilikuwa na homa, nikameza vidonge viwili, nikavaa barakoa, nikaingia wodini. Nilipokuwa naweka dripu mkono ulitetemeka. Mgonjwa, mama mtu mzima, akanishika kiwiko: "Mwanangu, kati yangu na wewe nani alale hapa?" Tulicheka wote wawili, kisha nikamtoboa mara ya pili.

Hakuna aliyeniamuru kwenda. Ratiba ilikuwa na majina mawili, nikitoa langu linabaki moja. Tena vituo vingi vimezoea kwamba anayeumwa ndiye atafute wa kumshikia zamu. Mtu anachemka, alfajiri, anampigia mwenzake aliyetoka zamu ya usiku na kumbembeleza. Wa tatu akikataa, anavaa sare.

Utafiti wa hospitali moja ya watoto huko Philadelphia, Marekani, uliochapishwa mwaka 2015, ulikuta asilimia 83 ya waliojibu walifanya kazi wakiumwa angalau mara moja ndani ya mwaka. Asilimia 95 walijua wanawahatarisha wagonjwa. Karibu wote walitaja sababu ileile: kutotaka kuwaangusha wenzao. Basi yale mabango ya "ukiumwa, pumzika" yalikuwa kupoteza karatasi, na aliyeyapendekeza ni mimi.

Elimu tunayo. Tunajua homa ya mafua huweza kuambukiza siku moja kabla ya dalili. Tunajua aliyeharishwa na norovirusi anatakiwa akae nje saa 48 baada ya dalili kuisha, na kwamba kitakasa mikono hakifui dafu kwa kirusi hicho, ni sabuni na maji. Bado tunarudi siku ileile tumbo linapotulia.

Kwa hiyo kamati imewaandikia waajiri ombi moja: mgonjwa atoe taarifa tu, kutafuta mbadala iwe kazi ya msimamizi wa zamu. Tumeegemea Mkataba Namba 149 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1977, unaotaka likizo ya ugonjwa ya wauguzi isipungue ile ya wafanyakazi wengine. Baadhi wamekubali. Wengine wanasema watu hawatoshi, na siwabishii. Ila mmoja akiwaambukiza wawili, zamu za wiki ijayo zitakuwa na watu wangapi?

Kwa wenzetu wanaolipwa kwa siku hatujafanya kitu. Wakilala nyumbani hawalipwi, na barua yetu haikuwataja hata kwa mstari mmoja. Kosa hilo ni la kamati. Rasimu ya barua ya pili, inayowahusu wao, mtaipigia kura mchana huu.

Wenye kikohozi wapige kura kwa simu. Namba anayo katibu.

Mwenyekiti