Bahari haitavamia harusi

Tanga

Shoga yangu Mwanahawa,

Assalaam aleikum. Sisi hatujambo, Mama anakusalimu, Kombo karudi Pemba juzi. Naandika mbiombio, maana ile sauti uliyonirushia imeninyima usingizi. Bahari siiogopi. Naogopa Bi Zuhura ataisikia, harusi iondolewe Raskazone ipelekwe ukumbini huko mjini, na mwaka mzima tumeipigania ifanyike pwani.

Yule bwana wa kwenye sauti anasema tarehe 2 Agosti 2027, siku ya harusi, jua likipatwa, bahari itapanda ibomoe nyumba. Jua kupatwa ni kweli. Giza kamili litapita Hispania, Afrika ya Kaskazini, Luxor kule Misri ambako litakaa zaidi ya dakika 6, kisha Saudia, Yemen na Somalia. Sisi tutaliona limemegwa tu, mchana baada ya adhuhuri. Na maji kujaa siku hiyo ni kweli vilevile. Kweli mbili hizo kazifunga pamoja, akatoa uongo.

Shoga, wewe mtoto wa Ngamiani, hapa Tanga, lini mwezi umeandama pasiwe na bamvua, yale maji makubwa? Mwezi huvuta maji ya upande wake kuliko unavyoivuta dunia yenyewe, na ya upande wa pili huyavuta kwa udhaifu zaidi, basi bahari hutuna pande zote mbili. Dunia ikizunguka tunapitia kote kuwili: kujaa mara mbili, kupwa mara mbili, na kila siku saa zinasogea kama dakika 50 kwa kuwa mwezi nao umekwenda mbele. Jua pia huvuta, ila kwa maji nguvu yake haifiki nusu ya ile ya mwezi. Mwezi ukiwa mpevu, au ukiwa gizani kabla ya kuandama, wanasaidiana, ndilo bamvua. Ukiwa nusu wanapingana, tunapata maji mafu, yasiyopanda wala kushuka sana.

Sasa, kupatwa hakuwezi kutokea ila siku hizohizo za bamvua. Jua hupatwa mwezi ukipita kati yake na sisi. Mwezi hupatwa ukiingia kwenye kivuli cha dunia. Haitokei kila mwezi kwa sababu njia yake imeinama kama digrii 5, mara nyingi unapita juu au chini. Lakini kwa bahari, upite juu kidogo au katikati kabisa, ufukweni huoni tofauti.

Mkumbushe Bi Zuhura 7 Septemba 2025, mwezi ulipokuwa mwekundu tangu saa 2:30 usiku hadi karibu saa 4. Maji yalikuwa yanapwa! Bamvua letu hujaa kwenye saa 10, alfajiri na alasiri, na kupwa kwenye saa 4. Waulizwe akina mama wanaoingia mwambani kutafuta pweza, saa hizo wanazijua kwa vidole.

Narudi palepale kwa sababu 2027 jua litamegwa maji yakiwa yanapanda. Watu watatazama juu, watatazama chini, waseme yametimia. Waje basi jana yake na kesho yake, wayaone yakifika karibu palepale. Kilele chenyewe cha bamvua huja siku moja au mbili baadaye. Mwezi utakuwa karibu na dunia kuliko kawaida, kwa hiyo bamvua litakuwa nono kidogo. Viti visipangwe mchangani, watoto wasiende mwambani alasiri. Macho ndiyo ya kuhofia zaidi: jua lisitazamwe bila miwani maalumu ya kupatwa, na hii ya kawaida ya jua haikingi kitu.

Bi Zuhura ameshalipa huo ukumbi? Nani alikurushia ile sauti, ni Mwanaidi tena? Utamsomea barua hii mwenyewe au nimpigie? Baba yako bado anaposalisha sala ya kupatwa husema baadaye kwamba hii ni ishara, si adhabu, kama alivyokuwa akitwambia? Angeweza kumwambia Bi Zuhura, maana humsikiliza yeye kuliko sisi. Na miwani hiyo, huko Dodoma inapatikana? Ninunulie sita, pesa nitatuma.

Wako,
Mwanaisha