Somo, wanataka kupulizia dawa kule nyuma ya maabara

Somo yangu,

Salamu nyingi. Huku wote wazima, Mama Maktaba amestaafu, na Babu wa bustani kila akiniona lazima akuulizie. Kimya changu kimezidi, najua, tutakizungumza siku nyingine. Leo nina jambo moja linaninyima usingizi.

Wasimamizi wa viwanja wamebandika tangazo: eneo lote la nyuma ya maabara ya kemia, kutoka mferejini hadi kwenye uzio wa hosteli, litapuliziwa dawa ya kuua magugu kabla ya mahafali. Lote, Somo! Mchicha pori, mnavu, mgagani, mlenda, kila ulichonifundisha kukitambua pale.

Na kuna watu wanachuma. Karibu kila jioni nawaona wanafunzi wanaojipikia wakitoka kule na mafungu yao. Tangazo halitaji dawa gani wala watu wakae siku ngapi bila kuchuma. Wewe unajua kuliko mimi: dawa zile zinazonyonywa na jani mpaka zifike mizizini huchukua siku kadhaa kabla mmea haujaonyesha dalili yoyote. Kesho yake mchicha bado ni mbichi, unapendeza machoni, mtu anauchuma na kuupeleka jikoni. Nani amewaambia? Hakuna.

Nilikwenda kuuliza. Mkubwa mmoja akanijibu, "Hayo si magugu tu?" Nikamwonyesha dirishani yale maua ya pinki na meupe yaliyojiotea kando ya ngazi, Catharanthus roseus, yenye asili ya Madagaska. Nikamweleza kwamba watafiti wa chuo kikuu kimoja huko Kanada walianza kuyachunguza wakitafuta dawa ya kisukari, wakaona chembe nyeupe za damu za panya zinapungua, na mwaka 1958 wakatangaza vinblastini, dawa ya saratani. Ndugu yake, vinkristini, inatoka kwenye mmea huohuo, na mpaka leo inatibu watoto wenye saratani ya damu. Alinisikiliza, hilo nalikiri. Akaniambia niandike.

Usidhani natetea kila jani. Gugu karoti limeshaingia upande wa maegesho, na hilo hata leo ling'olewe, kwa glavu, kabla halijachanua. Linawasha ngozi, linachochea pumu, na shina moja hutoa maelfu ya mbegu. Mbarika pia uondolewe pale watoto wa walimu wanapocheza. Mafuta yake ni mazuri, lakini mbegu yenyewe ina risini, sumu kali, na mtoto hajui tofauti. Mnanaha vilevile, nao una sumu. Babu wa bustani na vijana wake wanaweza kuimaliza yote hiyo kwa jembe.

Lakini kongwa, kwa mfano, ndiyo inayoshika udongo wa ule mteremko. Ulinichimbulia moja ukanionyesha maua madogo yaliyojificha chini ya ardhi, yanatoa mbegu bila kuliona jua, nami sijaacha kuwasimulia watu. Mmea wa marejea unarutubisha udongo bure kwa vile vifundo vya mizizini. Kishona nguo kinatuudhi kwenye suruali, sawa, ila nyuki wanakitegemea na majani yake machanga ni mboga. Tukiua vyote, mvua ya kwanza itauteremsha ule udongo wote mferejini.

Narudi palepale kwa wachumaji, maana hata bila dawa sina amani. Wengine wanachuma ukingoni kabisa mwa mfereji wa maabara! Mchicha hufyonza kadimi na risasi, metali zenye sumu, zikiwemo udongoni, na kuosha hakuondoi kilichoingia ndani ya jani. Juzi nilimkuta binti wa mwaka wa kwanza akionja vitunda vya mnavu vikiwa bado vya kijani. Nilivimwaga vyote. Alishtuka, lakini afadhali ashtuke kuliko augue. Kinachotakiwa ni vibao: hapa chuma, hapa usichume, hapa pamepuliziwa tarehe fulani. Kazi ya siku moja.

Ndiyo maana nakuandikia. Ile ramani uliyoichora kwa penseli, yenye alama za kila mmea, bado unayo? Na vielelezo tulivyovikausha kwenye magazeti, ulivichukua wewe au vilibaki kwa yule wa Takwimu? Unaweza kuniandikia ukurasa mmoja tu, kwa lugha ambayo mkubwa asiyesoma botania ataielewa? Wachumaji wakae siku ngapi baada ya kupulizia, au niseme tu eneo la mboga lisiguswe kabisa? Na ule mnavu wenye vitunda vya rangi ya chungwa, ni ule unaoliwa vikiiva? Mama anaendeleaje na mguu? Utakuja kwenye mahafali?

Kikao chao ni Jumatatu. Ukikosa nafasi ya kuandika nipigie, hata usiku wa manane nitapokea.

Somo wako