Kijitabu chako kimefika, swahiba

Maweni, Malindi

Swahiba wangu,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye joto. Kaskazi imelegea na dukani feni inazungusha moto tu. Mama watoto anakusalimu, anauliza kama huko Moshi mnalala na blanketi hadi leo.

Kijitabu cha ibada nimekipata, ila kimetembea kuliko sisi sote. Kililala Mombasa wiki kadhaa, tena kikapewa kondakta asiyenijua. Nilipokitia mkononi Januari ilikuwa imekwisha.

Sasa ona ujinga wangu. Kila ukurasa una tarehe juu, mstari wa Biblia, maelezo mafupi, sala ya sentensi tatu nne, basi. Mimi nikaona deni: siku thelathini na moja sijazisoma! Usiku uleule nikaketi kulipa. Nilipofika tarehe kumi na tisa macho yakanishinda. Asubuhi mama watoto akaniuliza nimeokota nini humo, nikakosa hata neno moja. Ni kama kumaliza sinia la halwa peke yako. Januari nimeiacha ilivyo.

Siku hizi adhana ya alfajiri ndiyo inayoniamsha. Nabandika chai, nasoma wa leo, nafunga. Kisha kijitabu nakwenda nacho dukani, kinakaa kwenye droo pamoja na viwembe, na nywele za watu zimeshaingia ndani (utanisamehe). Mwaka huu Kwaresima na Ramadhani zimeshikana, na jirani yangu wa mitumba anasoma juzuu moja ya Kurani kila siku ili mwezi ukiisha awe amehitimu. Akaniuliza, "Wewe mwenzangu juzuu yako kubwa kiasi gani?" Nikamwonyesha ukurasa. Akacheka hadi akashika mlango. "Hiyo si juzuu, hiyo ni risiti!"

Si kurasa zote zimenikaa, nakwambia kweli. Kuna mwandishi wa Februari anayehubiri kama yuko mimbarani na kanisa limejaa, ilhali mimi niko peke yangu na kikombe. Lakini aliyeandika siku zilizofuata, huyo ameketi nami jikoni.

Na hujaniambia kwamba Martin Luther, yule mwanamatengenezo wa kanisa, alikuwa na kinyozi! Mchungaji mmoja mgeni alikuja kunyoa, akakiona kijitabu, akanihadithia kiti kikiwa hakijashuka. Kinyozi aliitwa Peter, wa mji wa Wittenberg huko Ujerumani. Alimwuliza Luther namna ya kuomba, na Luther akamwandikia kitabu kidogo, mwaka 1535. Humo anasema kinyozi mzuri huweka macho na mawazo kwenye wembe. Akiropoka na kutazama kando, atamkata mteja mdomo au pua. Na sala vivyo hivyo. Swahiba, miaka yote hii nanyoa watu huku nikibishana nao siasa! Luther akamfundisha kuchukua moja moja ya zile Amri Kumi na kuisokota nyuzi nne: fundisho, shukrani, toba, ombi. Na wazo jema likimjia katikati, aziache nyuzi nyingine alisikilize hilo. Ndipo nikaelewa kwa nini umenitumia ukurasa mmoja mmoja.

Mchungaji akamalizia kwa jambo lililonisimamisha mkono. Mwaka huohuo, Pasaka ikikaribia, Peter alimchoma kisu mkwewe, mume wa bintiye, wakiwa mezani, na huyo mkwe akafa. Luther na wenzake walimwombea Peter kwa wakubwa, akaponea adhabu ya kifo, ila alifukuzwa mji na mali yake ikapotea. Mteja aliyekuwa akingoja kwenye benchi akasema, "Basi sala haikumsaidia." Mchungaji hakujibu. Mimi nikafuta wembe, nikaendelea, ila usiku ule nilisoma ukurasa wangu mara ya pili.

Uliponiambia kwamba katika Katekisimu Ndogo, kile kitabu chake kifupi cha mafundisho ya imani, baada ya sala ya usiku, Luther anamwamuru mtu alale mara moja kwa furaha, nilidhani unanitania. Kumbe ndiyo amri ngumu kuliko zote, hasa kwa mtu mwenye kodi ya duka.

Cha robo inayofuata usikitie basini. Mpwa wako anakuja pwani Pasaka, mpe yeye mkononi. Na mwambie asinyoe ndevu huko.

Wako,
Kinyozi wa Maweni