Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Mwaka Wetu na Vikundi vya Mji wa Anstruther

Ndugu wanachama wa chama chetu cha wazungumzaji wa Kiswahili hapa Anstruther, pwani ya Fife, Uskoti,

Asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na hamjambo nyote. Nawashukuru mliotoka Crail, Pittenweem na St Monans kwa basi na upepo wote huu, na nyinyi wa St Andrews mliobadilishana zamu kazini ili akidi itimie. Katibu amehesabu na imetimia, kwa hiyo hakuna kisingizio cha kuahirisha lile jambo gumu lililo mwishoni mwa taarifa.

Taarifa hii ni ya mwaka 2025. Fedha ataziongelea mhazini. Sherehe nazo nitazipitia haraka: Idd, Siku ya Kiswahili Duniani tarehe 7 Julai na chakula cha Krismasi vilifanyika, picha mmeziona kwenye kundi la WhatsApp, na malalamiko kwamba pilau iliisha kabla ya waliotoka mbali kufika yamewafikia wapishi. Wanasema walipika kwa idadi ya waliojiandikisha. Mimi nimewaamini.

Kubwa la mwaka ni utekelezaji wa lile azimio letu kwamba kila mwanachama mwenye nafasi aingie katika kikundi kimoja cha mji, kwa namna yake. Wapo walionung'unika kuwa tunawapelekea watu wengine nguvu zetu. Nawaomba mnivumilie nieleze kwa nini bado naona azimio lile lilikuwa sahihi.

Anayehamia hapa hudhani mji unaendeshwa na Halmashauri ya Fife. Ni kweli halmashauri inazoa taka na kuendesha shule. Lakini boti ya uokoaji pale bandarini, ambayo imekuwepo tangu 1865, ni ya RNLI, shirika la hisani lililoanzishwa 1824, na wengi wa wanaoipanda usiku wa dhoruba hawalipwi mshahara wa kazi hiyo. Kifaa cha kuwaita kikilia, mtu anaacha sahani mezani na kukimbia. Jumba la Makumbusho ya Uvuvi la Uskoti, lililofunguliwa 1969, lisingeweza kutunza vyombo vyake, ikiwamo Reaper, ile mashua ya zamani ya tanga iliyojengwa enzi za uvuvi wa heringi, bila watu wa kujitolea. Skauti, mchezo wa bowling, asubuhi za chai kanisani, maua yanayopandwa kando ya barabara, vyote vina kamati, na kila kamati ina mwenyekiti, katibu na mhazini. Ukihudhuria mbili tatu utagundua kuwa ni nyuso zilezile, na wengi wao ni wastaafu.

Hapo ndipo penye haja. Mji huu una kumbi na una vikundi. Unachopungukiwa ni watu wa kukaa kwenye viti vya kamati. Ndiyo maana sikuunga mkono, na bado siungi mkono, pendekezo la chama kukodi ukumbi wake chenyewe. Tungekuwa na mlango wetu, bili yetu ya gesi, na mahali pa kukutana sisi kwa sisi, huku kumbi za wenzetu zikikaa tupu mchana kutwa kwa kukosa mtu wa kushika funguo.

Mafanikio yetu makubwa yalikuwa baharini. Wengi mmewaona vijana wetu, na wazee wawili ambao si vijana hata kidogo, wakipiga makasia katika chombo kinachoitwa St Ayles. Kina asili hapahapa. Jumba la makumbusho ndilo lililotaka kichorwe, kikapewa jina la kanisa dogo la kale lililokuwa kwenye kiwanja hicho, mchoraji akiwa Iain Oughtred, na cha kwanza kikashushwa majini Anstruther mwaka 2009. Kina urefu wa mita 6.7 hivi, wapiga makasia wanne na mshika usukani. Mbao zake za plaiwudi huja zimekwisha kukatwa, na watu wa mji huziunganisha wenyewe. Siri yote iko hapo. Kuunda chombo huchukua miezi mingi ndani ya banda baridi, na mwalimu, fundi bomba na mstaafu wa benki wakisha kushika ubao mmoja gundi ikauka, hawawezi tena kupitana barabarani bila kusalimiana. Miji mingine ya pwani ya Uskoti ikafuata, kisha nchi nyingine, na mwaka 2013 yakafanyika mashindano ya kwanza ya dunia kule Ullapool.

Mzee wetu wa Pemba amezoea kafi, ambapo mtu hukaa akitazama aendako. Hapa aliambiwa akae akitazama alikotoka na kumwamini binti wa miaka kumi na tisa aliyeshika usukani. Alikataa katakata. Baadaye akakubali kwa sharti kwamba yeye ndiye atakayetoa wimbo wa kupigia kasia. Sasa wenyeji nao wanaitikia, ingawa sitaapa kwamba wanajua wanachokiitikia.

Asubuhi za chai zilitufundisha mengine. Huku kikundi kikitaka fedha huandaa chai, keki za nyumbani na bahati nasibu, na zawadi ya kwanza mara nyingi ni chupa ya wiski. Wanachama wetu Waislamu walisema wazi kuwa hawatauza tiketi, na wako baadhi ya Wakristo wetu waliosema vivyo hivyo. Tulizungumza na waandaaji, wakaelewa mara moja: sisi tukashika jiko, bahati nasibu wakabaki nayo wenyewe. Mahamri na sambusa ziliisha mapema kuliko skoni, yaani vile vikeki vya wenyeji, jambo ambalo nimeombwa nisilitangaze sana. Kitu kimoja tu nawasihi mkizingatie. Kuna orodha ya vyakula 14 vinavyodhuru wenye mzio, inayotumika Uingereza nzima, na karanga na ufuta vimo. Kashata zikae sahani yake, ziwe na kibandiko chake, na koleo lake. Hili halina mjadala, hata kama bibi yako alizipika miaka sitini bila mtu kudhurika.

Kwenye dhoruba Éowyn, Ijumaa ya tarehe 24 Januari, onyo jekundu la upepo lilipotolewa, shule nyingi zikafungwa na treni zikasimama Uskoti nzima, orodha yetu ya simu ilifanya kazi vizuri kuliko nilivyotarajia. Tulianza na wazee wetu, kisha wanachama wakaanza kuwapigia majirani zao wenyeji wanaoishi peke yao bila kungoja kuambiwa. Nataka orodha hiyo iwe ya kudumu, na iunganishwe na mpango wa dharura wa mji badala ya kukaa ndani ya simu yangu.

Kuhusu baraza la jamii, nimeulizwa sana kama lina maana. Mabaraza haya yalianzishwa kwa sheria ya 1973. Hayakusanyi kodi, wajumbe hawalipwi, na mikutano yake yaweza kumfanya mtu asinzie. Lakini halmashauri inapopokea maombi ya ujenzi, baraza lina haki ya kuulizwa maoni, na mbunge au diwani akitaka kujua mji unasema nini huanzia hapo. Wenye shaka na nguvu ya raia wa kawaida watazame reli. Treni iliondolewa Anstruther mwaka 1965, na mji jirani wa Leven mwaka 1969. Watu wa upande wa Leven walidai, wakaandika barua, wakapiga kelele kwa miaka mingi, na mwezi Juni 2024 abiria wakapanda tena treni pale Leven. Sisi huku bado tunapanda basi. Nasema tu.

Hapo hapo niwakumbushe kuhusu kura. Wengi bado mnaamini kwamba lazima uwe na pasipoti ya Uingereza. Wenzetu wa Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda, kama raia wa Jumuiya ya Madola wenye kibali cha kuishi, wanapiga kura hata za Bunge la London. Na tangu sheria ya 2020, raia wa nchi yoyote anayeishi Uskoti kihalali, wakiwamo ndugu zetu wa Kongo na Burundi, anapiga kura za Bunge la Uskoti na za madiwani, kuanzia umri wa miaka 16. Uchaguzi wa Bunge la Uskoti ni tarehe 7 Mei 2026. Jiandikisheni sasa. Katibu yuko tayari kuwasaidia.

Darasa la Kiswahili la watoto la Jumamosi lilisimama kwa muda, na najua wazazi walikasirika. Kuanzia 1 Aprili 2025 imekuwa sharti la kisheria kwamba anayefanya kazi za aina hii na watoto, hata kwa kujitolea, awe mwanachama wa PVG, yaani mfumo wa kuchunguza kama mtu anafaa kufanya kazi na watoto au watu wazima wanaohitaji ulinzi, unaosimamiwa na Disclosure Scotland. Walimu wetu wawili walidhani ile PVG waliyoipata wakifanya kazi kwenye nyumba ya wazee inatosha. Ile ni kwa watu wazima. Kufundisha watoto ni jukumu jingine, na linahitaji maombi mengine. Anayejitolea katika kikundi kisicho cha faida kilichokubaliwa halipi ada, kwa hiyo kilichotuchelewesha ni makaratasi tu. Darasa limerudi.

Sasa jambo gumu. Chama chetu hakijasajiliwa. Kwa sheria ya hapa maana yake ni kwamba chama, kama chama, hakipo: mkataba wa kukodi ukumbi unasainiwa na mimi na katibu, na sufuria la mafuta likiunguza jiko la watu, tutakaodaiwa ni mimi na katibu. Kamati inapendekeza tuwe SCIO, yaani shirika la hisani lenye utu wake kisheria, chini ya msimamizi wa mashirika ya hisani, OSCR. Wadhamini wasipungue watatu. Hesabu zipelekwe ndani ya miezi tisa baada ya mwaka wa fedha kwisha, na zikaguliwe na mtu asiye mmoja wetu. Kwa kipato kama chetu zinatosha hesabu rahisi za kilichoingia na kilichotoka. Tukisha kusajiliwa tunaweza kuomba ruzuku ambazo sasa hatuzigusi, na kwa kila pauni anayotoa mwanachama anayelipa kodi ya mapato tunaweza kudai peni 25 juu yake kutoka serikalini.

Kikwazo ni mfuko wa misiba. Shirika la hisani lazima lifaidishe umma, na mfuko ambao wanachama wanachangiana ili mmoja wao akifariki asafirishwe nyumbani unawafaidisha wanachama peke yao. Najua mfuko huo ndio uliotuunganisha. Kwa wengi wenu hapa ndiyo sababu pekee ya kujiunga, na kwa nilivyoona familia zikihangaika na gharama za kusafirisha maiti, sitakubali uguswe. Kwa hiyo tunapendekeza mambo mawili yatenganishwe. Mfuko wa misiba ubaki kama ulivyo, na akaunti yake, daftari lake na kamati yake ya watu watano, nje ya usajili. Darasa, jiko, orodha ya simu na kazi zetu na vikundi vya mji viingie kwenye shirika jipya. Wapo watakaosema tunakigawa chama. Nimeisikia hoja hiyo, na nimeipima. Lakini kuendelea kuchanganya fedha za rambirambi na fedha za mahamri katika akaunti moja kunanikosesha usingizi kuliko mgawanyiko huo.

Rasimu ya katiba mlitumiwa wiki tatu zilizopita, na nakala ziko mezani karibu na birika. Kura itapigwa kwa karatasi, si kwa kunyoosha mkono, baada ya taarifa ya fedha na maswali. Nafasi za wadhamini ziko wazi kwa mwanachama yeyote, na kamati ingependa angalau mmoja awe na umri chini ya miaka thelathini. Kipindi changu kinaisha leo, na sigombei tena uenyekiti.

Namkaribisha mhazini.